Ukikataa lumbesa peke yako, fuso linahamia kata ya jirani

 

Wiki zilizopita tumezungumza sana kuhusu viwavijeshi, mbolea ya kukuzia na namna ya kukausha mahindi kabla ya kuhifadhi. Leo naomba tuyaweke hayo pembeni. Nina jambo linalonikaa moyoni kila msimu wa mavuno, na ninaliandika kama maoni yangu mwenyewe, si tamko la ofisi.

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita wakulima ninaowahudumia waliamua kwa pamoja kukataa lumbesa. Wengi wao wanaishi hapa Mfaranyaki lakini mashamba yao yako nje ya mji. Walikaa kikao, wakakubaliana kwamba gunia ni kilo 100, mizani iwepo, na atakayetaka kushindilia hadi gunia liote kichwa aende zake. Niliwapongeza. Nilidhani tumeshinda.

Fuso lilikuja, dereva na dalali wakasikiliza, wakacheka, wakaondoka. Siku ya pili tulisikia wanapakia kata ya jirani, lumbesa kama kawaida. Wiki ya pili mzee mmoja akanifuata nyumbani akaniambia, "Bibi shamba, mwanangu, ada ya shule haisubiri mizani." Siku hiyo hiyo aliuza kwa lumbesa, na sikuwa na neno la kumjibu. Wiki iliyofuata wengine wote walimfuata.

Sheria ya vipimo ilikuwa upande wetu, na umoja wa kata tulikuwa nao. Kilichokosekana ni kata ya pili, ya tatu na ya kumi. Mnunuzi ana magurudumu, mkulima hana. Ukipanga bei au vipimo ndani ya mpaka wa kata yako tu, mnunuzi anavuka mpaka.

Hoja yangu leo ni hii: uchumi wetu hauishii kwenye mpaka wa kata wala wa halmashauri, kwa hiyo hata mipango yetu haiwezi kuishia hapo. Mkoa wetu wa Ruvuma una wilaya tano na halmashauri nane: Manispaa ya Songea, Songea Vijijini, Madaba, Mbinga Vijijini, Mbinga Mji, Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Mahindi ya Madaba na ya Namtumbo yanagombea mnunuzi mmoja. Lakini kila halmashauri inapanga yake, inakusanya ushuru wake na kuwa na vizuizi vyake. Tusipokaa pamoja, atakayetupangia ni yule anayetuona wote kwa mara moja, naye ni mnunuzi mkubwa.

Jifunzeni kwa ngoro

Waliofika Umatengo, kule Mbinga, wameona mashamba ya ngoro. Mkulima anafyeka majani, anayapanga kwa miraba mlimani, kisha anachimba katikati na kufunika majani kwa udongo. Vishimo vile hushika maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke, na majani yaliyozikwa yanageuka mbolea. Chuoni Uyole tulifundishwa mbinu nyingi za kuzuia mmomonyoko, lakini hii Wamatengo walikuwa nayo kabla chuo hakijakuwepo.

Sasa fikiria mlima mmoja wenye wakulima watano. Wa chini amechimba ngoro vizuri, wa juu yake amelima matuta yanayofuata mteremko. Mvua kubwa ikija, maji ya juu yote yanashuka na kuvunja ngoro za chini. Wa chini alifanya kazi yake yote na bado amepoteza shamba. Ngoro inafaa pale mlima mzima unapokubaliana.

Lumbesa ni hivyo hivyo, na vivyo hivyo ushuru wa mazao, ardhi na hata vyanzo vya maji. Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima ya Matogoro, hapa hapa jirani na mji wetu, ukaenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Anayefyeka chanzo kwa ajili ya mavuno ya misimu miwili anamkausha mtu asiyemjua.

Tuliwahi kufanya, hapa hapa Songea

Kuna watu wanadhani kukaa vijiji vingi na kupanga uchumi pamoja ni habari ya wazungu na semina. Siyo. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba Songea ilikuwa mfano wa nchi nzima.

Mwaka 1960 vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, kiongozi wao akiwa Ntimbanjayo Millinga, walianza kulima pamoja Litowa. Mwanzo ulikuwa mgumu sana, lakini waliendelea. Mwaka 1963 vijiji vilivyofuata njia hiyo viliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa kifupi RDA. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sitini vilikuwa vijiji vipatavyo 17, kikiwemo Matetereka, ambacho leo kiko Madaba.

Angalieni walivyofanya. Kila kijiji kilijiamulia mambo yake kwenye mkutano wa wanakijiji. Yale yaliyokuwa makubwa kuliko kijiji kimoja yalipangwa na wawakilishi wa vijiji vyote. Kijiji kimoja hakiwezi kununua mashine kubwa ya kusaga, lakini chama kilikuwa na kinu cha nafaka mjini Songea, kiwanda cha kupasua mbao na karakana ya mafundi. Litowa walikuwa na shule iliyowafundisha watoto maisha ya kijiji chao, siyo ya kukikimbia. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vijiji hivi, na vilichangia mawazo yake alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967.

Kisha, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Mali zake zikachukuliwa. Vijiji vilibaki, lakini chombo kilichoviunganisha kilikwisha.

Siandiki haya kulaumu wazee waliokwisha kutangulia. Naona mafunzo mawili. Kwanza, wakulima wadogo wa Songea wanaweza kupanga na kumiliki vitu vikubwa. Walifanya hivyo wakati barabara zilikuwa vumbi na simu hakuna. Pili, muungano unaotegemea mapenzi ya kiongozi mmoja wa juu, bila msingi imara wa kisheria na bila marafiki katika ngazi za wilaya na mkoa, unaweza kufutwa kwa kikao kimoja. Wao walikuwa na upendo wa Mwalimu, na bado haukuwaokoa.

Sisi leo tuna vitu ambavyo wao hawakuwa navyo. Tuna Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, tuna AMCOS zilizosajiliwa, tuna mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, tuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tatizo letu ni kwamba tunavitumia kila mmoja kivyake.

Wengine tayari wanapanga

Kwa nini nasema haya sasa? Kwa sababu meza za mipango mikubwa zimeshaandaliwa.

Mwaka 2004 wakuu wa Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia walikubaliana juu ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara. Leo lami inatoka Mtwara inapita Tunduru na Namtumbo hadi hapa, na inaendelea Mbinga hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Bandari ya Mbamba Bay inajengwa. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa SAGCOT wa kuunganisha serikali, makampuni, wafadhili na wakulima katika ukanda wa kusini, na kazi ikaanzia kongani ya Ihemi, yaani Iringa na Njombe. Sasa utaratibu huo umepanuliwa kuwa AGCOT na shoroba nyingine zimeongezwa, ukiwemo ushoroba wa Mtwara. Maana yake sisi tumo.

Mimi napenda barabara. Nakumbuka hadithi za malori kukwama siku nyingi njia ya Tunduru wakati wa masika. Lakini barabara haichagui inachobeba. Inaleta mbolea na mnunuzi wa soya, na inaleta pia mtu mwenye fedha taslimu anayetaka ekari 200 kando ya lami. Inamwezesha mama anayeuza dagaa wa Nyasa kufika Songea asubuhi, na inamwezesha kampuni kubwa kununua shambani moja kwa moja bila kumpitia mfanyabiashara mdogo wa sokoni kwetu. Nani atapata na nani atakosa hutegemea nani alikuwepo wakati mpango unaandikwa.

Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha wadau. Sitakitaja kilikuwa cha nani. Ukumbi ulijaa, chai ilikuwa nzuri, ramani zilioneshwa ukutani. Nilihesabu wakulima: walikuwa watatu. Mmoja wao, mama wa makamo anayelima na kununua mahindi kwa debe, aliinua mkono akauliza, "Hilo ghala kwenye ramani litakuwa umbali gani kutoka kwetu, na nauli ya gunia moja itakuwa shilingi ngapi?" Waliokuwa mbele wakatazamana. Akaambiwa swali lake ni zuri na litafanyiwa kazi. Halikujibiwa hadi tunaondoka.

Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Lakini alikuwa peke yake, hakuwa na karatasi, na hakuna aliyemtuma. Angekuwa amesimama kwa niaba ya AMCOS kumi za halmashauri tatu, na mkononi ana hesabu, nadhani wangetafuta kalamu.

Hesabu ndogo

Chukua wakulima 30, kila mmoja ana gunia 10 za kuuza. Mmoja mmoja, kila mtu anakutana na dalali mlangoni kwake. Wakiweka pamoja wana gunia 300, ambazo ni tani 30, mzigo wa semi moja. Hapo mnunuzi wa mbali anaweza kuja mwenyewe. Wakipata nyongeza ya shilingi 20 tu kwa kilo, ni shilingi 600,000 kwa kundi, sawa na 20,000 kwa kila mmoja. Sasa lumbesa: ikiwa kila gunia linabeba kilo 20 za ziada zisizolipwa, gunia 300 zinapoteza kilo 6,000. Hizo ni tani sita, zimeondoka bure.

Halafu zidisha kwa vijiji vyote vya mkoa. Hapo utaona kwa nini nasema jambo hili ni kubwa kuliko viwavijeshi.

Wafanyabiashara wa vijijini, msifikiri nawapiga vita. Ninyi pia mnaumia. Mnanunua kwa lumbesa kwa sababu tajiri wa mjini naye anataka lumbesa kwenu. Mnalipa ushuru kizuizi hiki, mnasumbuliwa kizuizi kile. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, lakini nani kati yenu alifika kwenye kikao kusema vizuizi vinavyofanya kazi njiani? Muungano ninaousema unawahitaji. Mkulima anajua shamba, ninyi mnajua soko.

Najua mtaniambia nini

Mtasema, ushirika ulishatuibia. Ni kweli, wapo waliokabidhi mazao wakasubiri malipo hadi wakakata tamaa, na vyama vikubwa viliwahi kuanguka na madeni. Sisemi mfunge macho. Mkiwa wanachama mna haki ya kusomewa taarifa ya ukaguzi wa COASCO kwenye mkutano mkuu. Ulizeni. Chama ambacho viongozi wake hukasirika wakiulizwa fedha, hicho kina shida. Lakini jambazi akiingia nyumbani tunabadilisha kufuli, hatuchomi nyumba.

Mtasema pia, hiyo ni siasa, bibi shamba atuachie. Bei ya mahindi si siasa. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ulipozuiwa, mliona wenyewe bei ilivyoporomoka hapa kwetu. Uamuzi ulikuwa na sababu zake za usalama wa chakula, lakini mikoa inayozalisha ingekuwa na sauti moja yenye takwimu, ingeweza kueleza mapema kiasi gani kimebaki ghalani na nani ataumia. Kueleza hivyo ni kazi ya wakulima wote, wa chama chochote.

Tuanzie wapi?

Moja, andikeni hesabu zenu. Kila kikundi au AMCOS iwe na daftari: wanachama wangapi, ekari ngapi, gunia ngapi za kuuza, mwezi gani, gharama ya ekari moja. Bila daftari mtasikilizwa kwa huruma tu.

Mbili, anzeni na kata mbili au tatu zilizo karibu. Kwa mfano wakulima wa Mfaranyaki, Mletele na Lilambo wanaweza kukaa siku moja. Kubalianeni jambo moja tu kwa msimu huu. Mimi napendekeza mizani. Mkifanikiwa mizani, msimu ujao ongezeni halmashauri ya jirani na jambo la pili.

Tatu, wawakilishi wawe mchanganyiko: mkulima mwanamke, kijana, mfanyabiashara mdogo, mtu mwenye ulemavu. Tunajua asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama hawapo mezani, nani atauliza mikopo hiyo iende kwenye mashine za kukamua alizeti au kwenye nini? Na kila mwakilishi arudi kutoa taarifa. Asiyerudi abadilishwe.

Nne, zingatieni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla. Hoja ya ghala au barabara ya mashambani ipite kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, iandikwe kwenye muhtasari, ifike Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Desemba. Ukija Mei, utaambiwa subiri mwakani.

Tano, ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Msisaini kwa presha ya wiki moja. Na zungumzeni na vijiji jirani, kwa sababu anayekataliwa huku huenda kule akasema ninyi mmeshakubali.

Sita, kila mpango unaoletwa kwenu, wa serikali, wa kampuni au wa mfadhili, uulizeni maswali matatu: nani anapata, nani analipa, na baada ya miaka 10 udongo na maji vitakuwaje? Mpango mzuri unayajibu bila kukasirika.

Kwa kumalizia

Sijui kama viongozi wetu wa halmashauri nane watakaa meza moja mwaka huu. Ningependa sana, na kama mtumishi wao nitaendelea kulisema hilo kwenye vikao. Lakini nisingependa mkae kungoja. Vijana wa Litowa hawakungoja.

Yule mzee wa ada ya shule bado ni mkulima wangu. Msimu uliopita nilimkuta ananunua daftari la kurasa nyingi dukani. Nikamuuliza la mjukuu? Akasema, "La kwetu. Tumeanza kuandika gunia." Wako tisa tu. Wakifika 30 kutoka kata tatu nitawaandikia hapa ilikuwaje, hata kama tutashindwa tena.

Kama kata yenu imewahi kujaribu mizani ya pamoja, niambieni: nini kilifanya kazi, na fuso lilihamia wapi? Makala ijayo tutarudi shambani, tutazungumzia kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Wenu katika kazi,
Afisa Ugani, Mfaranyaki, Songea